Charles Houston, avoka wa watoto wa shule



Kama munavyojua, katika kila toleo tunaweka maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia. Mara hii tumemchagua Charles Hamilton Houston, mtu mweusi wa Marekani, aliyekufa mwaka 1950. Huko kwao jina lake ni kubwa kwa wote waliosoma sheria. Huku kwetu wengi wanamjua mwanafunzi wake Thurgood Marshall kuliko yeye mwenyewe, na wengine hawajui hata mmoja wao.

Juu ya nini tumemchagua yeye? Munakumbuka mkutano mkuu uliopita. Tulibishana mpaka giza likaingia. Wengine walisema makuta kidogo tuliyo nayo tujengee shule yetu wenyewe, ya watoto wa sisi tuliorudi, sababu tumechoka kuona watoto wetu wanarudishwa nyuma madarasa mawili ao kukaa chini wakati wenzao wako kwenye benchi. Wengine walisema hapana, shule ya leta ni ya watoto wote, tuendelee kugonga mlango mpaka ufunguliwe. Hatukupatana. Kumbe ubishi ule ule watu weusi wa Marekani waliubishana karibu miaka 90 iliyopita, na Houston alikuwa katikati yake. Basi tusome alivyofanya, kisha kila mmoja afikiri.

Mtoto wa Washington

Houston alizaliwa tarehe 3/9/1895 katika mji wa Washington. Babu yake alikuwa mtumwa aliyetoroka. Baba yake, William Houston, alisoma sheria na akawa avoka. Mama yake, Mary, alikuwa mwalimu, nyuma yake akawa anatengeneza nywele za wamama wa watu wakubwa ili nyumba ipate makuta. Walikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na kila kitu walichopata walikiweka kwenye masomo yake.

Wakati ule shule za Washington zilikuwa mbili mbili: za wazungu upande huu, za weusi upande ule. Charles alisoma katika shule ya sekondari ya M Street, shule ya leta ya watoto weusi. Ilikuwa shule nzuri sana, na sababu yake inauma. Walimu wake wengine walikuwa na diploma za iniversite kubwa kabisa, lakini kwa rangi yao hawakupata kazi pengine popote. Tena katika mji ule mwalimu mweusi alilipwa kama mwalimu mzungu, kitu ambacho majimbo ya kusini hayakukijua. Houston aliona tangu utoto kwamba mtoto mweusi akipewa mwalimu na kitabu, anafika. Hakuna mtu angeweza tena kumdanganya kwamba shida iko kichwani mwa mtoto.

Toka pale alienda chuo cha Amherst, akamaliza mwaka 1915, yeye peke yake mweusi katika darasa lake, na akawa kati ya wanafunzi wa juu kabisa. Akarudi Washington kufundisha Kiingereza kwa iniversite ya Howard.

Askari aliyerudi

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika vita kubwa ya kwanza. Houston na vijana wengine weusi waliosoma waliomba wafundishwe kuwa maofisa. Walipelekwa kambi ya Fort Des Moines, katika jimbo la Iowa, kambi yao peke yao.

Wale kati yetu waliovaa unifomu, ao waliowahi kuishi chini ya watu wenye unifomu, wataelewa yaliyofuata. Houston alipewa kazi ya kuchunguza makosa ya askari weusi. Akaona mtu anaadhibiwa vikali kwa kitu kidogo, bila ushahidi. Alipoandika ukweli, wakubwa wake hawakupenda. Akapelekwa Ufaransa. Usiku mmoja katika mji wa Vannes, kundi la askari wazungu, Wamarekani wenzake, kidogo wamuue yeye na rafiki zake. Alivuka bahari kupigania nchi yake, na waliotaka damu yake walikuwa na bendera moja naye.

Pale ndipo aliamua. Akirudi nyumbani akiwa hai, atasoma sheria, na maisha yake atayatumia kwa wale wasioweza kujitetea. Alirudi mwaka 1919, na mwaka ule ule wazungu walivamia watu weusi katika miji mingi, hata Washington kwao. Sisi tuliorudi tunajua ile: unashuka na mizigo yako kichwani, unafikiri shida imebaki ng'ambo, kumbe nyingine inakungoja bandarini.

Akaingia Harvard, shule ya sheria inayosifiwa kuliko zote. Akawa mweusi wa kwanza kuwa kati ya wahariri wa jarida lake la sheria. Alipata diploma yake mwaka 1922, na udaktari wa sheria mwaka 1923. Kisha akapata msaada wa kwenda kusoma Madrid, Hispania. Mwaka 1924 akarudi kufanya kazi ofisini kwa baba yake na kufundisha sheria Howard.

Kwanza watu

Hapa tunaomba musome polepole.

Mtu mwingine mwenye diploma kama zile angekimbilia tribinali siku ile ile. Houston alitazama kwanza kama kuna watu wa kufanya kazi. Aliona kwamba katika majimbo ya kusini maavoka weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na mzungu wa kuwatetea weusi alikuwa adimu. Kesi moja inaweza kushindwa ao kushinda, lakini bila watu wa kuifuata, hata ushindi unabaki karatasi.

Tangu mwaka 1929 alisimamia shule ya sheria ya Howard. Ilikuwa shule ya jioni, walimu wengi wanakuja nyuma ya kazi zao. Houston akafunga masomo ya jioni, akaweka ya mchana, akatafuta walimu wa kudumu, akajaza vitabu. Watu walimlaumu mingi, na lawama ilikuwa na sababu: kijana maskini aliyefanya kazi mchana hakuweza tena kusoma. Lakini mwaka 1931 shule ile ilikubaliwa na vyama vya sheria vya nchi nzima, na diploma yake haikuweza tena kudharauliwa.

Alikuwa mkali. Wanafunzi walimwita Viatu vya Chuma. Wengi walianza, wachache walimaliza. Aliwafundisha kwamba karatasi iliyoandikwa vibaya na avoka mweusi haitasamehewa kama ya mzungu, kwa hiyo isiwe na kosa hata moja. Na aliwaambia avoka ana njia mbili: ao anatengeneza jamaa yake kama injinia anavyotengeneza daraja, ao anawanyonya watu kama kupe. Katika darasa lililomaliza mwaka 1933, wa kwanza alikuwa Thurgood Marshall na wa pili Oliver Hill. Muyaweke majina hayo kichwani, tutayarudia.

Kamera na hesabu

Sasa tuangalie adui aliyekuwa mbele yake. Mwaka 1896 tribinali kuu ya Marekani ilikata kesi ya mtu mmoja wa Louisiana aliyekatazwa kukaa kwenye behewa la wazungu. Ilisema kutenganisha watu kwa rangi kunaruhusiwa, ikiwa tu kila upande unapewa vitu sawa. Toka pale majimbo yakashika neno la kutenganisha, na lile la usawa wakalisahau. Majimbo 17 pamoja na mji wa Washington walitenga watoto shuleni kwa sheria.

Houston hakukaa ofisini kulalamika. Katikati ya miaka ya 1930 alipanda motokari pamoja na mwenzake Edward Lovett, wakaenda South Carolina na kamera ya sinema. Walipiga picha za shule za weusi: kibanda cha mbao, chumba kimoja, watoto wa kila umri pamoja, kuta zenye mianya. Kisha wakapiga picha za shule ya wazungu ya pale pale: nyumba ya matofali, na basi linaloleta watoto wakati weusi wanatembea kwa miguu. Filamu haikuhitaji maelezo mengi. Yeyote aliyeiona alielewa kwamba usawa ule wa mwaka 1896 ulikuwa uongo mtupu.

Mwaka 1935 chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilimchukua kuwa avoka wake wa kazi nzima. Makuta yalikuwa kidogo. Hakuweza kushitaki kila shule ya kila kijiji. Akatafuta mahali ambapo ukuta ulikuwa mwembamba.

Hesabu yake ilikuwa hii. Majimbo yanasema yanatoa vitu sawa. Vizuri, tuwashike kwa neno lao wenyewe. Katika shule za msingi wanaweza kupaka chokaa kibanda na kusema ni sawa. Lakini kwa masomo ya juu, kama ya sheria, jimbo lina iniversite ya wazungu peke yake, na weusi hawana hata kibanda. Pale hakuna la kujibu. Ao wamkubali mwanafunzi mweusi, ao wajenge iniversite nzima nyingine kwa ajili yake. Ubaguzi utakuwa mzigo wa makuta kila mwaka, mpaka wenyewe waone hauwezi kubebeka. Na kila hukumu ndogo itakuwa ngazi ya kupandia nyingine.

Tuseme pia kwamba si wote walikubaliana naye. Mwaka 1935 ule ule, msomi mkubwa W. E. B. Du Bois aliandika kwamba kitu mtoto anachohitaji ni elimu ya kweli. Kama katika shule ya mchanganyiko anatukanwa na kudharauliwa na mwalimu wake, afadhali shule ya watu wake inayompenda. Du Bois hakuwa mtu wa kuogopa wazungu, na neno lake halikuwa la kijinga. Hata katika mkutano wetu kuna mama aliyesema karibu vile vile, na hakuwa amemsoma.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ulikuwa Maryland. Kijana Donald Murray, mweusi wa Baltimore, alikataliwa kuingia shule ya sheria ya leta kwa sababu ya rangi. Thurgood Marshall, ambaye naye hakuweza kusoma pale ingawa ni kwao, alileta kesi pamoja na mwalimu wake. Jimbo lilijibu kwamba linaweza kumpa Murray makuta akasome mbali. Houston na Marshall wakaonyesha kwamba mtu anayetaka kuwa avoka Maryland anapaswa kusoma sheria za Maryland, na watu atakaofanya nao kazi. Mwezi wa sita 1935 hakimu aliamuru aingizwe, na mwezi wa kwanza 1936 tribinali ya juu ya jimbo ikakubali. Murray aliingia, akasoma, akamaliza mwaka 1938.

Mlango wa pili ulikuwa Missouri. Lloyd Gaines alitaka kusoma sheria kwa iniversite ya jimbo lake. Wakamwambia vile vile: chukua makuta, nenda jimbo lingine. Tribinali za Missouri zilimkatalia. Houston akapeleka kesi mpaka Washington, mbele ya tribinali kuu. Walioshuhudia walisimulia kwamba jaji mmoja alimgeuzia mgongo wakati anasema. Houston aliendelea kusema, neno kwa neno. Tarehe 12/12/1938 tribinali ikakata kwamba jimbo haliwezi kutimiza wajibu wake kwa kumtuma raia wake kwa jirani. Usawa lazima utolewe nyumbani.

Lakini hadithi ya Gaines haina mwisho mzuri. Jimbo lilifungua haraka shule ya sheria ya weusi peke yao, na mawakili wakajitayarisha kurudi mbele ya hakimu. Mwezi wa tatu 1939, Gaines alitoka nyumba aliyokuwa anaishi Chicago, jioni, na hakuonekana tena. Mpaka leo hakuna anayejua alipatwa na nini. Tunaandika jambo hili juu wengi wetu tuko na mtu katika jamaa aliyetoka siku moja na hakurudi. Kijana aliyefungulia wengine mlango hakupita yeye mwenyewe.

Kwa wakati ule ule walishitaki pia juu ya mshahara wa walimu. Katika wilaya moja ya Maryland mwalimu mweusi alipata karibu nusu ya mwalimu mzungu, kwa kazi ile ile. Wilaya ililegea, ikakubali kusawazisha. Kisha mwaka 1940 tribinali ilikata kesi ya walimu wa Norfolk, Virginia, kwamba kutofautisha mshahara kwa rangi ni kuvunja sheria. Walimu wanaofundisha watoto wetu bila kulipwa na leta, wakingoja makuta ya wazazi, wanajua uzito wa kesi ya namna ile.

Kinyozi na wazazi

Mwaka 1938 Houston alirudi Washington. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Alimwachia Marshall kazi ya NAACP, lakini hakupumzika. Alitetea wafanyakazi weusi wa reli waliofukuzwa na chama cha wazungu, akashinda mwaka 1944. Alitetea watu waliokatazwa kununua nyumba kwa rangi yao, akashinda mwaka 1948.

Sasa kisa ambacho kwetu sisi ni kikubwa kuliko vyote. Katika mji ule wa Washington, shule ya Browne ya watoto weusi ilijaa watoto karibu mara mbili ya nafasi yake. Walisoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Wazazi wao hawakuwa maavoka wala madaktari. Kiongozi wao alikuwa kinyozi, jina lake Gardner Bishop. Mwisho wa mwaka 1947 waliwazuia watoto wao wasiende masomo, wakagoma.

Bishop hakuwa anawapenda sana weusi waliosoma, sababu aliona wanawadharau maskini. Lakini alikwenda kwa Houston, na Houston alimpokea. Akawa avoka wa wazazi wale bila kuomba malipo, akaandika barua zao, akapeleka kesi zao. Mtu wa Harvard akakaa meza moja na kinyozi, na hakuna aliyekuwa mkubwa.

Mwanzo wa mwaka 1950 Houston alilala kitandani. Alijua hatamaliza. Akamwambia Bishop aende kwa James Nabrit, mwalimu mwenzake wa Howard, aendelee naye. Nabrit alisema hatashitaki tena juu ya vyumba na vitabu peke yake. Atashitaki ubaguzi wenyewe. Wazazi wakakubali. Tarehe 11/9/1950 Bishop alichukua watoto 11, akawapeleka kwa shule mpya ya wazungu, Sousa, yenye vyumba vitupu. Wakakataliwa. Kesi ikazaliwa.

Houston hakuiona ile siku. Moyo ulisimama tarehe 22/4/1950, akiwa na miaka 54. Aliacha mke wake Henrietta na mtoto mdogo wa kiume.

Nyuma yake

Wiki sita hivi baada ya mazishi, tribinali kuu ilikata kesi mbili za masomo ya juu, za Texas na Oklahoma, na zote mbili zilisimama juu ya ngazi alizojenga. Mwaka 1951, katika wilaya ya Prince Edward, Virginia, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliongoza wanafunzi kugoma sababu walisoma katika vibanda vya karatasi ya lami. Avoka waliyemwita alikuwa Oliver Hill, yule wa pili wa darasa la 1933. Katika South Carolina wazazi wa Clarendon waliomba tu basi la shule. Walipoona hawasikilizwi, waliomba usawa wote. Harry Briggs aliyeandikisha jina lake alifukuzwa kazi, mke wake naye akafukuzwa, na kanisa la mchungaji wao likachomwa.

Tarehe 17/5/1954 majaji wote tisa wa tribinali kuu walikata kwamba kutenga watoto kwa rangi katika shule za leta ni kuvunja katiba. Hukumu inaitwa kwa jina la Brown, mzazi mmoja wa Kansas. Ndani yake kulikuwa na kesi ya Clarendon, ya Prince Edward na nyingine, na siku ile ile ikasomwa ile ya wazazi wa kinyozi. Aliyesimama mbele ya majaji alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1967 akawa yeye mwenyewe jaji mweusi wa kwanza wa tribinali ile. Marshall hakuficha kamwe kwamba kazi ile ilikuwa ya mwalimu wake.

Huku kwetu wakati ule tulikuwa chini ya Wabelgiji. Watoto wa wazungu walikuwa na shule zao, wababu wetu walisoma kwa misioni kama walibahatika. Mwaka 1954 ndio mwaka ambao Lovanium ilifunguliwa Leopoldville. Kwa hiyo tusifikiri ukuta ule ulikuwa wa Marekani tu.

Lakini hatutawadanganya kwamba hukumu ilimaliza kazi. Wilaya ya Prince Edward ilipoamriwa kuchanganya watoto, ilifunga shule zake zote za leta toka 1959 mpaka 1964. Wazungu walijifungulia shule za kulipa. Watoto weusi wengi walikosa masomo miaka mitano. Miaka mitano! Sisi tunajua maana yake, tumeiona kambini na tumeiona njiani. Mtoto aliyeacha darasa la tatu anarudi akiwa na ndevu. Na pengine, shule zilipochanganywa, walimu na wakuu wa shule weusi walifukuzwa kwa maelfu, shule zao zikafungwa, na watoto wakaingia katika madarasa ambamo hakuna mtu mzima wa kwao. Pale neno la Du Bois lilikuwa na ukweli wake.

Na sisi je?

Hatusemi shida yetu ni sawa na yao. Sisi na wale tuliowakuta tuko rangi moja, mara nyingi hata ukoo mmoja. Lakini mtoto anaporudishwa nyuma kwa sababu karatasi yake imetoka ng'ambo ya ziwa, ao anaitwa mkimbizi katika kijiji cha babu yake, anajifunza somo lile lile: kwamba shule ya leta si yake.

Komite haitaki kukata shauri mahali pa wanachama. Lakini tukisoma maisha ya Houston tunaona mambo matatu ambayo pande zote mbili za ubishi wetu zinaweza kuyafanya kesho asubuhi.

La kwanza ni kuhesabu. Tunasema kila siku kwamba watoto wetu wanaonewa, lakini mkubwa wa elimu akituuliza ni wangapi, tunanyamaza. Kila mwanachama alete kwenye mkutano karatasi yenye vitu hivi: mtoto alikuwa darasa gani kabla ya kurudi, aliwekwa darasa gani, aliambiwa sababu gani, tarehe gani. Mwenye simu apige picha ya darasa, mabenchi na paa, bila sura za watoto. Asiyejua kuandika aje kwa katibu, ataandikiwa.

La pili ni kuwashika kwa neno lao. Tangu 2019 leta ilisema shule ya msingi ni bure kwa watoto wote. Haikusema isipokuwa watoto wa waliorudi. Pale mwalimu mkuu anapoomba kitu, tuulize kwa heshima: hii iko katika sheria gani? Tuombe risiti.

La tatu ni watu. Houston alitumia miaka kufundisha wengine mbele ya kushinda kesi hata moja, na alipokufa kazi haikusimama hata siku moja. Sisi tuko na vijana wanne wanaosoma ualimu na sheria, na karo yao inatushinda. Wafadhili wetu, tunawashukuru kwa mabati na saruji. Mara hii tunawaomba mufikiri pia vijana hawa. Bati linachakaa kwa mvua, lakini mwalimu mmoja wa kwetu ndani ya shule ya leta atapokea watoto wetu miaka 30.

Juu ya shule yetu wenyewe, tutapiga kura. Anayetaka tujenge, aje na hesabu ya mishahara ya walimu kwa miaka mitano, si matofali tu. Anayetaka tugonge mlango, aje na majina ya watoto watakaotangulia kuingia, na atuambie nani atawasindikiza, sababu wa kwanza ndiye anayeumia. Wazazi wale wa Washington waliwashika watoto 11 mkono, wakaenda nao mpaka mlangoni.

Tukutane wote kwenye mkutano, kila mtu na karatasi yake.

Komite ya kijarida